Mayai ya kusafirishwa, mayai ya jirani au vifaranga wa siku moja: njia ipi inamlipa anayetafuta mbegu ya mbali?

Mfugaji wa Dar es Salaam au Morogoro anayetafuta kuchi halisi, yaani kuku wa asili wa aina kubwa na ndefu, huambiwa mara nyingi kwamba mbegu nzuri iko Kanda ya Ziwa, na kwamba njia rahisi ya kuipata ni kuagiza trei moja ya mayai kwa basi na kuyatia kwenye mashine. Urahisi huo ni wa kweli. Yai halihitaji kulishwa njiani wala kunyweshwa, halipigi kelele, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya jogoo aliyekomaa. Linalobaki kuulizwa ni vifaranga wangapi watakuwa wamesimama siku ya 21, siku ya kuanguliwa, na kila mmoja wao atakuwa amegharimu kiasi gani. Makala haya yanalinganisha njia tatu za kuanzisha au kuboresha kundi, yaani mayai yaliyosafirishwa mbali, mayai yanayopatikana jirani na vifaranga wa siku moja, kisha yanalinganisha mashine na kuku anayeatamia kwa mayai hayo ya safari, kwa sababu hapo matokeo hutofautiana kuliko watu wengi wanavyodhani.

Msimamo wangu nautoa mapema. Yai la kusafirishwa lina maana pale tu unapotafuta damu ambayo haipatikani karibu nawe. Kwa mtu anayetaka idadi ya kuku, ni njia ghali hata pale bei ya trei inapoonekana ndogo.

Asilimia ya nini?

Muuzaji anapodai kwamba mayai yake yanatotoa kwa asilimia 80, muulize ni asilimia 80 ya nini. Chukua trei ya mayai 30. Tuseme mayai 6 hayakuwa na mbegu, yaani hayakurutubishwa na jogoo, na kati ya 24 yaliyobaki, 12 yakatoa vifaranga. Ukihesabu kwa mayai yote uliyoyalipia, umepata asilimia 40. Ukihesabu kwa yale yenye mbegu peke yake, umepata asilimia 50. Hesabu zote mbili ni sahihi, lakini ya kwanza inahusu mfuko wako na ya pili inapima yale yaliyolikuta yai baada ya kutagwa, yaani hifadhi, safari na mashine. Mwenye jogoo anawajibika kwa mbegu. Basi na barabara vinawajibika kwa sehemu nyingine, na wewe mwenye mashine unawajibika kwa iliyobaki, kwa hiyo mtu anayezichanganya hesabu hizi hujikuta akimlaumu asiyehusika.

Mayai mapya kutoka kundi lenye jogoo mmoja kwa mitetea kumi hivi, ambayo hayakusafiri mbali na yamewekwa kwenye mashine inayoshika joto vizuri, kwa kawaida hutoa vifaranga saba hadi tisa kwa kila mayai kumi yenye mbegu. Mayai yaliyosafirishwa mbali wafugaji wenye uzoefu huyahesabia nusu, na hawashangai yakishuka hadi theluthi. Yakifika robo tatu, wanajua kwamba aliyefungasha alikuwa fundi na kwamba bahati nayo ilikuwepo.

Kinacholiharibu yai njiani

Kwenye ncha pana ya yai kuna kifuko cha hewa, ambacho kipo kati ya utando wa nje ulioshikamana na ganda na utando wa ndani unaofunika ute. Karibu na siku ya 20 kifaranga hutoboa utando huo wa ndani kwa mdomo na kuvuta pumzi yake ya kwanza ndani ya kifuko hicho, kabla hajalidonoa ganda lenyewe. Mtikisiko wa safari huziachanisha tando hizo, hewa ikahama mahali pake. Ukilimulika yai kwa tochi ya simu ndani ya chumba chenye giza, huku ukiziba kwa vidole mwanga unaovuja pembeni, utaona mstari unaotenganisha kifuko na ute. Kwenye yai zima mstari huo hukaa palepale hata ukiliinamisha yai, ilhali kwenye yai lililotikiswa huhama kila unapoliinamisha, kama povu la pimamaji ya fundi mwashi. Hewa iliyoshuka upande mmoja peke yake bado ina nafuu, na mayai ya namna hiyo hutotoa mara kwa mara. Hewa inayozunguka hadi ncha nyembamba, au vipovu vidogo vidogo vinavyoelea ndani ya ute, ni dalili mbaya zaidi, na mayai ya hivyo nisingeyahesabu kabisa katika matarajio.

Joto ni adui wa pili, na huyu hamwachii mnunuzi alama ya kuonekana. Yai linapotagwa, kiinitete chake, yaani mwanzo wa kifaranga, tayari kimeshaanza kukua, kwa kuwa yai limekaa karibu siku nzima ndani ya mwili wenye joto wa kuku. Likipoa hadi chini ya nyuzi 20 hivi za Selsiasi, ukuaji husimama na kiinitete hulala kikiwa hai. Ndiyo maana hifadhi nzuri ya mayai ya kutotolesha ni kati ya nyuzi 15 na 18. Basi linalotoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,100, hupita sehemu za Shinyanga, Singida na Dodoma, na ikiwa mchana umekuta boksi ndani ya buti lililofungwa, joto humo hupanda vya kutosha kukiamsha kiinitete bila kufikia joto la kukikuza ipasavyo. Usiku hupoa kikalala tena, na kesho yake huamshwa upya. Kiinitete kilichochoshwa namna hiyo mara nyingi hufa siku tatu au nne za mwanzo ndani ya mashine, na ukikimulika siku ya saba utaona pete ya damu ikizunguka kiini.

Umri wa yai nao hufichika. Mayai huhimili siku saba za hifadhi bila hasara kubwa, na baada ya hapo uwezo wa kutotoa hupungua siku hadi siku. Sasa piga hesabu ya muuzaji: mwenye mitetea sita ya kuchi, ambao si watagaji wakubwa, akipata yai moja kwa kila mtetea baada ya siku mbili, anakusanya mayai matatu kwa siku. Trei ya mayai 30 humchukua siku kumi. Hii ina maana kwamba yai la kwanza la trei hiyo limeshavuka wiki kabla basi halijawashwa. Yule anayekuahidi trei mbili za kuchi wapya kutoka banda dogo anakuuzia mayai ya zamani, au anachanganya na mayai ya kuku wengine, na sidhani kama kuna maelezo ya tatu. Ombi la kwamba kila yai liandikwe tarehe kwa penseli siku linapotagwa ni dogo, nalo humtenganisha muuzaji makini na mchuuzi.

Linalosahaulika katika mazungumzo haya ni kipande cha mwisho cha safari. Watu hulichagua basi kwa uangalifu, wakamwomba kondakta aliweke boksi mahali pasipo na mizigo mizito, halafu wakalitoa stendi kwa bodaboda na kulifunga kwa mpira nyuma ya kiti kwenye barabara ya vumbi yenye matuta. Kilomita chache za namna hiyo zinaweza kufanya madhara ambayo lami ya usiku kucha haikuyafanya. Anayekwenda kulipokea mwenyewe, akalipakata kwenye daladala au teksi, anajiongezea vifaranga kwa gharama ndogo kuliko kifaa chochote atakachonunua dukani.

Kuhusu ufungashaji, trei za karatasi zilizopandana peke yake hazitoshi. Yai livingirishwe karatasi laini au plastiki ya vipovu, lisimamishwe ncha nyembamba ikiwa chini, lizungukwe na maranda kiasi kwamba boksi likitikiswa hakuna kinachogongana ndani, na boksi hilo liingizwe ndani ya boksi kubwa zaidi lenye maranda mengine pembeni. Mayai yasioshwe, kwa sababu maji huondoa utando wa asili unaoziba vinyweleo vya ganda na kufungulia bakteria mlango.

Mayai ya jirani, na kazi yake nyingine

Yai la jirani linashinda kwa karibu kila kipimo kinachohusu kutotoa. Unalijua banda lilikotoka, unaweza kumwona jogoo kwa macho, na unaweza kulibeba mkononi siku lilipotagwa. Kasoro yake ni moja: damu iliyomo humo ndiyo ile ambayo tayari inazunguka mtaani kwako, na kama kundi lako limeshaanza kuzaliana ndugu kwa ndugu, mayai ya jirani ambaye jogoo wake ni mtoto wa jogoo wako hayakuvushi popote.

Hata hivyo, yai la jirani lina kazi nyingine ambayo ningemshauri kila anayeagiza mayai ya mbali aitumie. Unapoweka mayai 30 yaliyosafirishwa, weka kwenye mashine hiyohiyo, siku hiyohiyo, mayai sita hadi kumi mapya ya jirani, uyatie alama. Hayo ni mashahidi. Yakitotoa vizuri huku ya safari yakitoa nusu, mashine yako haina lawama, na tatizo limetokea kwenye yai kabla halijakufikia. Yakifa yote pamoja, huna haja ya kumpigia muuzaji simu ya ugomvi. Angalia kipimajoto chako. Bila mashahidi hawa mabishano ya muuzaji na mnunuzi hayaishi, kwa sababu kila upande una sababu ya kuaminika ya kuutupia mwingine lawama.

Mayai yasiyotoa kitu nayo yavunjwe na kutazamwa, ingawa harufu ya mayai viza haifurahishi. Lile lililobaki angavu siku ya saba lipasue kwenye kisahani: likiwa na doa dogo jeupe lililoganda bila umbo maalumu juu ya kiini, halikuwa na mbegu, likiwa na doa pana lenye duara ndani ya duara, lilikuwa na mbegu na kiinitete kilikufa mapema mno kiasi kwamba mwanga haukukionyesha. Tofauti hii ni muhimu kwa mayai ya safari kuliko mengine, maana mengi yanayoitwa hayana mbegu yalikuwa nayo, yakafia ndani ya buti. Kifaranga aliyekamilika aliyekufa siku ya 19 au ya 20 anasimulia habari nyingine, mara nyingi ya unyevu, hewa finyu au kulala vibaya ndani ya ganda.

Hesabu ya shilingi

Bei hubadilika, kwa hiyo namba zilizo hapa ni za mfano, na msomaji aweke za kwake. Tuseme yai la kuchi la mbali linauzwa shilingi 1,000, usafiri wa boksi ni 10,000, na umeme wa siku 21 ni 5,000. Trei ya mayai 30 imekugharimu 45,000. Wakitoka vifaranga 12, kila mmoja ni shilingi 3,750. Wakitoka 20, kila mmoja ni 2,250. Kama kifaranga wa siku moja wa daraja hilohilo angeuzwa 2,500, basi unahitaji vifaranga 18, sawa na asilimia 60 ya mayai yote uliyoyaweka, ili mayai na vifaranga vilingane gharama. Asilimia 60 ya mayai yote, siyo ya yale yenye mbegu, ni kiwango ambacho mayai ya masafa marefu hukifikia mara chache. Kwa upande mwingine, mayai 30 ya jirani kwa shilingi 500, pamoja na umeme uleule, ni 20,000. Wakitoka vifaranga 23, kila mmoja ameangukia chini ya shilingi 900.

Ongeza jambo ambalo hesabu za aina hii hulisahau: karibu nusu ya vifaranga hao ni majogoo. Anayetaka kuanza na mitetea kumi na majogoo wawili wasio ndugu wa karibu, akiruhusu na vifo vichache vya malezi, anahitaji vifaranga wasiopungua 24, na kwa kiwango cha asilimia 45 hiyo ni mayai zaidi ya 50. Mtu anayeagiza mayai kumi na mawili ili ajaribu anaweza kuishia na vifaranga watano, majogoo wanne.

Mashine au kuku anayeatamia?

Kwa mayai ya jirani jibu hutegemea idadi tu: mtetea wa kienyeji hufunika mayai kumi hadi kumi na manne, na ukitaka zaidi unahitaji mashine. Kwa mayai ya safari mambo hubadilika, kwa sababu yai lenye kifuko kilicholegea linahitaji utulivu.

Mashine ndogo zinazouzwa madukani huja kwa mifumo miwili mikuu ya kugeuza mayai. Ipo inayoyalaza mayai ubavu juu ya vyuma au plastiki za mviringo zinazozunguka na kuyabiringisha, na ipo inayoyasimamisha kwenye trei, ncha pana juu, kisha ikaiinamisha trei nzima kwa nyuzi 45 upande huu na upande ule. Kwa mayai yaliyosafirishwa, ya pili ni bora bila ubishi, kwa kuwa yai lililosimama huipa hewa nafasi ya kurudi ncha pana na kutulia, ilhali kubiringishwa huendeleza kazi ambayo barabara iliianza. Mwenye mashine ya kubiringisha na asiye na njia ya kununua nyingine anaweza kuuzima mfumo wa kugeuza, akayasimamisha mayai kwenye trei ya karatasi iliyotobolewa chini, akainamisha trei hiyo kwa mkono asubuhi, mchana na usiku.

Kabla ya kuingia mashineni mayai yapumzike saa 12 hadi 24 mahali penye ubaridi, ncha pana ikiwa juu. Wafugaji wengi huongeza siku mbili za kwanza mashineni bila kuyageuza yale yenye hewa iliyolegea, nami naona ni tahadhari ya busara ilimradi isirefushwe, kwa sababu yai lisilogeuzwa wiki ya kwanza huhatarisha kiinitete kugandamana na utando. Joto liwe nyuzi 37.5 hadi 37.8 kwa mashine yenye feni. Isiyo na feni hupimwa usawa wa juu wa mayai na huhitaji nyuzi 38.3 hadi 38.9. Siku ya 18 kugeuza hukoma.

Kuku anayeatamia hana kipimajoto na hakihitaji. Hajui kukatika kwa umeme, joto na unyevu wake vimerekebishwa na maumbile, naye huyageuza mayai mara nyingi kwa siku kwa mdomo na miguu. Mayai ya safari chini ya mtetea mtulivu yanaweza kufanya vizuri kuliko chini ya mashine ya bei nafuu, hasa pale joto la mashine linapopanda na kushuka. Shida ni kwamba mtetea hapangiwi ratiba. Boksi linafika Ijumaa, naye anaanza kuatamia wiki mbili baadaye, au ameatamia tangu mwezi uliopita na amechoka. Zaidi ya hapo, utitiri na chawa humfanya ahamehame kwenye kiota, na kuku wenzake humwingilia na kutaga juu ya mayai yaliyokwisha anza kukua. Mwenye mitetea miwili inayoatamia kwa wakati mmoja na mayai 24 ya thamani kubwa awape wao. Mwenye mayai 60 hana la kuchagua. Njia ya katikati, ambayo naipenda, ni mashine kwa siku saba za kwanza hadi mayai yamulikwe, kisha yale yaliyo hai yahamishiwe kwa mtetea usiku, asijaziwe kiota kwa mayai yaliyokufa.

Unyevu, na mahali ulipo

Maelekezo ya mashine nyingi husema unyevu uwe asilimia 45 hadi 55 siku 18 za kwanza, kisha 65 hadi 70 hadi mwisho, na mtu wa pwani anayeyafuata kwa kumimina maji tangu siku ya kwanza hujikuta akizamisha vifaranga. Hewa ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, ikipashwa moto ndani ya mashine hadi nyuzi 37.6, tayari inasoma karibu asilimia 49 bila tone la maji. Hewa ya Dodoma yenye nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 50 husoma karibu 23 ndani ya mashine hiyohiyo. Mashine moja, kitabu kimoja cha maelekezo, na matokeo yanayopingana.

Mizani ya jikoni huondoa ubishi huu. Yai linapaswa kupoteza asilimia 11 hadi 13 ya uzito wake hadi siku ya 18. Trei ya mayai 30 ya gramu 45 kila moja ina gramu 1,350. Siku ya 18 ikiwa na gramu 1,190 hivi, uko pazuri, mradi mayai yaliyoondolewa yamehesabiwa. Mayai ya safari yenye nyufa ndogo zisizoonekana hukauka haraka zaidi, kwa hiyo kuyapima kuna faida kuliko kuamini namba ya unyevu kwenye kioo cha mashine.

Mwinuko nao uhesabiwe. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Nairobi inakaribia 1,800, na huko hewa ina oksijeni pungufu na mayai hupoteza maji upesi. Mayai yaliyotagwa pwani na kupandishwa huko hutotoa kwa udhaifu kuliko yale yaliyotagwa na kuku waliozoea mwinuko, hata kama safari ilikuwa laini. Mnunuzi wa nyanda za juu akipata muuzaji wa nyanda za juu, amchague huyo.

Vifaranga wa siku moja

Kifaranga aliyetoka kuanguliwa hubeba tumboni mabaki ya kiini yanayomtosha hadi saa 72, na ndiyo sababu anaweza kusafirishwa bila chakula. Anayemnunua amelipia kilicho hai. Vituo vikubwa vya kutotolesha huwachanja vifaranga siku ya kwanza dhidi ya ugonjwa wa mahepe, kinga ambayo mtotoleshaji wa nyumbani mara nyingi hana namna ya kuitoa, halafu chanjo za kideri, gumboro na ndui hufuata kwa ratiba ya kawaida kwa vifaranga wote. Hasara yake ni hatari ya kufa njiani kwa joto au kukanyagana, na kwamba uchaguzi wa aina ni mdogo: vituo hivyo huuza zaidi Kuroiler, Sasso na wengine wa kibiashara. Kuku wa asili kama kuchi, kishingo wa ukoo fulani au singamagazi wa Tabora humpati huko.

Hapa kuna mtego unaostahili kutajwa peke yake. Kuroiler na Sasso ni machotara waliotengenezwa kwa kuoanisha koo maalumu za wazazi. Mayai yanayotagwa na Kuroiler wa jirani yako, hata kama jogoo naye ni Kuroiler, hutoa kizazi kinachotawanyika kwa ukubwa, rangi na utagaji, na hakifanani na yule uliyemwona bandani. Kuyasafirisha mayai ya namna hiyo kutoka mkoa mwingine ni kulipia mara mbili kitu ambacho hakirudii. Kwa machotara, nunua vifaranga kwa msambazaji. Kwa kuku wa asili wanaozaa mfano wao, mayai yana hoja.

Anayewaza kuvusha mpaka aanze na idara ya mifugo, si na dereva wa lori. Mwaka 2017 mamlaka za Tanzania ziliteketeza huko Namanga vifaranga wapatao 6,400 walioingizwa kutoka Kenya, na mwaka huohuo Kenya ilizuia kuku na mazao yake kutoka Uganda baada ya homa ya ndege kugunduliwa huko. Mayai ya kutotolesha yapo kundi hilohilo la tahadhari, kwa kuwa vimelea vya magonjwa kama salmonela na mikoplazma hupita kutoka kwa mtetea hadi kwa kifaranga ndani ya yai.

Kumleta jogoo badala ya trei

Ipo njia ambayo wanaoagiza mayai hawaifikirii, na kwa wengi wao ndiyo ningeiweka mbele. Ikiwa lengo ni ukubwa, kimo na umbo la kuchi, na si kuuza kuchi halisi kama mbegu, leta jogoo mmoja mzuri na umweke na mitetea kumi bora ya kwako. Watoto watakuwa na nusu ya damu yake. Mitetea miongoni mwa watoto hao wakipandwa na kuchi mwingine asiye ndugu, wajukuu wana robo tatu, na kizazi kinachofuata kwa mtindo huohuo kina sehemu saba kwa nane. Jogoo huyo atagharimu zaidi ya trei, lakini kila yai litakalotokana naye litatagwa bandani kwako, halitapanda basi, na litatotoa kwa kiwango cha yai la jirani.

Masharti yake ni mawili. Jogoo akae peke yake wiki mbili hadi tatu, mbali na kuku wengine, akiwa amechanjwa kideri, atazamwe kinyesi, macho na pumzi yake kabla hajaingia kundini. Na majogoo wa zamani waondolewe wiki tatu kabla ya kuanza kukusanya mayai ya kutotolesha, kwa sababu mtetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa wiki mbili au zaidi, na mayai ya siku za mwanzo yanaweza kuwa ya jogoo uliyekwisha mchinja.